Libuyu, mahogani na grevilea: mbao za magitaa ya Gisenyi

Mbao za libuyu huingia Gisenyi kutoka upande wa Kongo. Mti huangushwa Walikale, Masisi au mbali zaidi kuelekea Ituri, huchanwa kwa msumeno wa mashine palepale ulipoangukia, mbao hubebwa begani hadi barabarani, kisha lori huzileta Goma na hatimaye mpakani. Zikifika mtaani kwetu Mbugangari huwa bado mbichi. Ukiinua moja unasikia uzito wa maji. Muuzaji huziita libuyu zote, ingawa ndani ya rundo moja mara nyingi mna miti miwili au mitatu ya ukoo mmoja: sapele, sipo, na mara chache ule wa milimani ambao kwa Kinyarwanda ni umuyove na Tanzania ni mkukusu. Seremala wa milango hahangaiki na tofauti hizo. Mimi ninayetengeneza na kukarabati magitaa nahangaika nazo kila siku, maana ubao wa mlango una unene wa vidole viwili, na wa mgongo wa gitaa haufiki milimita tatu. Kasoro ambayo mlango utaificha miaka yote, gitaa huitoa hadharani katika msimu mmoja wa mvua.

Vijana wanaoniletea magitaa yao wana swali moja. "Mzee, hili ni mahogani ya kweli au ya kubadilishia?" Nawaheshimu kwa kuuliza, na siwajibu kwa neno moja, kwa sababu swali lenyewe limebeba imani kwamba palikuwa na mti wa kwanza, halali, na kwamba yote iliyofuata ni ya kujifariji. Historia ya magitaa haikwenda hivyo.

Christian Frederick Martin, fundi wa magitaa kutoka Saxony, Ujerumani, alifika New York mwaka 1833, na miaka michache baadaye akahamishia karakana yake Nazareth, Pennsylvania. Kwa sehemu kubwa ya karne ile magitaa bora ya nyumba hiyo yalikuwa na mgongo na mbavu za rozwudi ya Brazili, na shingo za sedrela, mti wa Amerika ya Kati na Karibi. Mahogani iliingia mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza ilichukua nafasi ya sedrela kwenye shingo. Mnamo 1917 ikachukua mgongo na mbavu za magitaa ya daraja la 18, ambayo hapo awali yalikuwa ya rozwudi. Mwaka 1922 likatoka gitaa dogo la daraja la 17, mahogani tupu kuanzia uso hadi mgongo, lililotengenezwa kwa nyuzi za chuma na kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Mwaka 1942, katikati ya vita, Gibson wakatoa J-45 yao yenye mgongo wa mahogani, na waimbaji wa Marekani wakaishika kwa vizazi.

Kwa hiyo mahogani yenyewe iliingia karakanani ikiwa mbadala. Ilikuwa nafuu, ilipatikana kwa mapande makubwa yasiyo na vifundo, na ikawekwa mahali pa mti ghali uliotoka mbali. Wapigaji wakairekodi, masikio yakaizoea, na wajukuu wa wanunuzi wale wakaifanya kipimo cha kupimia miti mingine. Hili ndilo ninalotaka vijana wa Rubavu, wilaya yetu, walishike kabla hawajadharau ubao wowote.

Sifa zake, hata hivyo, si za kubuniwa. Mahogani ya Amerika ikikauka husinyaa kidogo sana, na husinyaa karibu sawa pande zote: kama asilimia 3 kuelekea kiini cha mti na kama asilimia 4 kuzunguka pete zake. Sapele husinyaa kama 5 kwa 7. Tarakimu hizo zinaonekana ndogo mpaka uwe na shingo ya gitaa inayovutwa na nyuzi sita za chuma mchana na usiku, kando ya ziwa lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, ambako asubuhi kuna ukungu, mchana jua kali, na masika yanashika kuanzia Machi hadi Mei. Shingo ya mahogani hutulia. Randa huipita bila kung'oa nyuzinyuzi, gundi huishika vizuri, na mbavu hukunjika juu ya bomba la moto bila ugomvi. Fundi yeyote aliyeigusa anaelewa kwa nini ilipendwa.

Na kwa sababu ilipendwa, ilikwisha. Waliotengeneza samani Ulaya walikuwa wameimaliza ile ya Karibi zamani, kabla hata magitaa ya nyuzi za chuma hayajazaliwa. Ile ya bara, ya Honduras, Brazili na Peru, ilikatwa kwa karne nzima. Novemba 2002, katika mkutano wa Santiago huko Chile, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ziliiweka kwenye orodha ya pili ya miti inayouzwa kwa kibali, na kanuni hiyo ikaanza kazi Novemba 2003. Viwanda vikageukia Afrika. Taylor wa California walikwisha kuzoea sapele kwa magitaa yao ya mfululizo wa 300. Wengine walichukua sipo. Wengine wakachukua Khaya, ambayo Watanzania wanaiita mkangazi, na ambayo Waingereza waliikata sana Budongo, Uganda, wakaipeleka sokoni kwa jina la mahogani. Miaka haikuwa mingi: Novemba 2022, safari hii Panama, Khaya ya Afrika nayo ikaingia orodha ya pili, na tangu Februari 2023 magogo na mbao zake hazivuki mpaka bila karatasi.

Fuata mlolongo huo uone: rozwudi, mahogani, mkangazi. Kila mti ulioitwa mbadala ulikuwa ule uliokuwa bado umesimama kwa wingi mwaka ule. Masikio yalifuata nyuma ya shoka.

Wazee wa upande wetu hawakuanza na mti wowote kati ya hiyo. Gitaa lilikuja kwetu na muziki wa Kongo, na katika Kiswahili jina kubwa ni Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi wimbo wa "Masanga", na santuri ikatoka kwa lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini. Kampuni hiyohiyo ya Gallo iliuza magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Durban. Yalikuwa ya tripleksi, mbao za tabaka, na ndani ya tundu la sauti palibandikwa karatasi iliyodhamini kwamba halitapasuka. Gitaa la kwanza la John Lennon, kule Liverpool mwaka 1957, lilikuwa Gallotone Champion. Nawaambia vijana jambo hilo wanapoona haya kwa sababu gitaa lao ni tripleksi. Tripleksi haipasuki kirahisi, husafiri juu ya basi, hustahimili mvua ya kwaya inayotembea kilima hadi kilima. Upungufu wake uko kwenye sauti: gundi kati ya tabaka huzuia ubao kutikisika, kwa hiyo gitaa halichangamki hata likizeeka.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala wa milango na madirisha. Zile nyumba za enzi ya Wabelgiji kandokando ya ziwa, zenye veranda pana na kuta za mawe ya volkano, zilikuwa na milango ya libuyu mizito kiasi kwamba watu wawili walihitajika kuipandisha kwenye bawaba. Alinifundisha kusoma ubao kwa ncha, si kwa uso: angalia pete zinasimama au zinalala. Zikisimama, ubao hautapinda. Leo nyumba nyingi kati ya zile zimebomolewa au kukarabatiwa ili zipishe hoteli, na milango yake imeuzwa kwa wenye tanuri za mkate au kuachwa uani. Mimi hupita kuiulizia. Libuyu iliyokaa kwenye fremu tangu kabla ya uhuru imekwisha kusinyaa kwa kadiri itakavyosinyaa. Shingo bora nilizowahi kutengeneza zimetoka kwenye mihimili ya milango hiyo, na shimo la kitasa cha zamani nikaliziba kwa kipande cha mti uleule.

Lakini Wanyarwanda tulikuwa na libuyu yetu, tena juu ya vichwa vyetu. Panda kutoka Gisenyi ufuate mto Sebeya, upite Nyundo na mashamba ya chai ya Pfunda, utakuwa unaingia katika nchi ambayo ilikuwa msitu wa Gishwati. Miaka ya 1970 msitu huo ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Humo mlikuwa na umuyove, na pia umushwati, Carapa kwa jina la wataalamu, ambao nao ni wa ukoo wa mahogani. Ndugu yake wa Amazoni, andiroba, huuzwa huko mahali pa mahogani. Kuhusu umuyove, wapimaji walitangaza mwaka 2016 kwamba mmoja wa miti hiyo, katika bonde la Kilimanjaro, una urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika. Aina hiyohiyo ilikuwa inasimama juu ya Rubavu.

Miaka ya 1980 ulikuja mradi wa misitu na malisho uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Sehemu kubwa ya Gishwati ilifyekwa kupisha majani ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu halikufanywa na njaa wala vita. Lilipangwa mezani na watu waliosoma, wakahesabu maziwa na mbao laini, na msitu wenye miti ya karne kadhaa wakauandika kama ardhi isiyotumika.

Kisha ikaja 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliua waimbaji pamoja na waliowaimbia: Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe na wengi wa nyumba yake, na André Sebanani wa Orchestre Impala naye hakuuona mwisho wa mauaji yale. Ukirekebisha gitaa la mtu wa umri wangu nchini humu, lazima ujue kwamba nyimbo atakazozipiga kwanza akijaribu nyuzi ni za marehemu. Mwezi Julai mamia ya maelfu ya watu walivuka hapa Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache tu, na kambi zao zikapikia miti ya Virunga. Waliorudi baadaye, na wale waliorejea baada ya uhamisho wa tangu 1959, walihitaji mahali pa kulala na pa kulima, wakapewa au wakajitafutia Gishwati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu ulikuwa umebaki hekta kama 600. Siwezi kumlaumu mama aliyekata mti ili apate kujenga nyumba. Ila mlima uliovuliwa miti haukusahau: usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika, mvua na maporomoko ya usiku ule yakaua zaidi ya watu 130 katika nchi, na Rubavu ikazika wengi.

Leo kilichobaki kimeunganishwa na msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2020 UNESCO iliitambua kuwa eneo la hifadhi ya baiolojia. Miche ya asili inapandwa tena. Nafurahi, na najua kwamba hakuna ubao wa gitaa utakaotoka humo katika maisha yangu, wala haifai utoke.

Nyundo, katikati ya njia hiyo ya Sebeya, ina historia yake ya mikono. Shule ya sanaa ilianzishwa pale mwaka 1952. Mwaka 2014 ikafunguliwa pia shule ya muziki, chini ya Jacques Murigande, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mighty Popo, mpiga gitaa aliyerudi kutoka Kanada. Kwa miaka ile kabla shule haijahamia Muhanga, barabara ya kushuka Gisenyi ilijaa vijana wenye magitaa mgongoni, na kundi moja la wahitimu likajiita Sebeya Band, kwa jina la mto uleule. Wale ndio walionitoa kwenye kukarabati nikaanza kutengeneza. Walitaka magitaa ya mbao nzima, na bei ya Ulaya hawakuiweza.

Basi nikairudia libuyu ya Mbugangari kwa macho mapya. Sapele naijua kwanza kwa pua: ikipigwa randa hutoa harufu ya mwerezi, na vumbi lake hukupigisha chafya. Ukiichana pete zikiwa zimesimama, hutokea mistari ya kung'aa na kufifia kama utepe, kwa sababu nyuzinyuzi zake hupanda zikizunguka mti kwa kupishana, mwaka huu kulia, miaka ijayo kushoto. Mistari hiyo ndiyo inayowavutia wanunuzi, na ndiyo inayonitesa: randa ikienda na mstari mmoja hung'oa wa jirani, na ubavu ukikunjwa juu ya bomba la moto hukatika pale nyuzinyuzi zinapogeuka. Dawa ni kuuchana mwembamba, milimita mbili hivi, kunoa randa kila mara, na kumalizia kwa kipande cha chuma cha kukwangua badala ya kulazimisha. Sipo ni tulivu zaidi, na nikiipata hiyo ndiyo nachagua kwa shingo. Zote huwekwa juu ya dari ya karakana angalau misimu minne ya mvua kabla ya kuguswa. Mteja mwenye haraka namwelekeza kwa wauza tripleksi, kwa nia njema kabisa.

Hata hivyo libuyu hutoka mahali ambako kila gogo lina bunduki karibu yake. Mpaka hufungwa na kufunguliwa, vita vya Kivu hupanda na kushuka, na mimi siwezi kujua ubao huu ulilipiwa nani njiani. Hilo lilinifanya nitazame miti iliyoko kwenye mashamba yetu wenyewe, nikaishia kwenye grevilea.

Grevilea inatoka Australia, na hapa Rwanda imepandwa kwenye kingo za matuta na mipaka ya mashamba karibu kila kilima. Bustani ya miti ya Ruhande, kule Huye, iliyoanzishwa miaka ya 1930, ina viwanja vyake, pamoja na vya sedrela, mikaratusi na hata umuyove. Wakulima wanaijua kama nguzo, kuni na mkaa. Nasi mafundi tuliijua kama mbao za madawati. Lakini ipime: ikikauka uzito wake unakaribiana sana na mahogani ya Amerika, karibu kilo 590 kwa mita moja ya ujazo. Ichane pete zikiwa zimesimama, uso wote unajaa madoa ya kumeta, mapana, yaliyofumana. Hukunjika kwa utii. Shida zake nazo ni za kweli: vumbi lake huwasha ngozi za watu wengine, hukauka polepole, na mti wa shambani uliopogolewa kila mwaka una vifundo vingi. Ila gitaa halihitaji ubao mrefu. Ubavu unataka sentimita 80 hivi, nusu ya mgongo chini ya hapo. Kati ya kifundo na kifundo, kwenye shina la chini ambalo mkulima huliona fupi kwa nguzo, mgongo wa gitaa umo.

Na sauti? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio ambalo nimelisimulia kwa kila mteja mwenye subira. Roger Bucknall, fundi wa magitaa ya Fylde, aliwatengenezea magitaa sita yanayofanana, tofauti ikiwa mgongo na mbavu tu: rozwudi ya Brazili, rozwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na wolinati. Wapigaji 52 waliyapiga kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomea vyuma, wasione mbao. Alama walizotoa zilikaribiana mno. Rozwudi ya Brazili haikuitawala sapele. Kinachosema zaidi ni uso wa mbele, unene wake na mihimili iliyobandikwa chini yake. Kazi ya mgongo ni kushika umbo na kuvumilia hali ya hewa, na hapo mkaushaji mvumilivu ana sauti kubwa kuliko jina la mti.

Uso bado ndiyo taabu yangu. Sprusi haioti kwetu, na nyuso zangu nyingi nazitoa kwenye magitaa ya Ulaya yaliyovunjika shingo. Nimeanza kujaribu umwungo, mti mweupe mwepesi ambao wazee wetu wamechongea ngoma na mizinga ya nyuki tangu zamani. Ni laini, huchubuka kwa kucha, na kwa nyuzi za chuma naweka mihimili minene kidogo kuliko kawaida. Kwa nyuzi za nailoni unatosha kabisa, na una sauti ya chini iliyotulia inayonikumbusha inanga, ala yetu ya jadi ya nyuzi. Gitaa lililo mezani sasa ni la mwalimu wa kwaya kutoka Rutsiro: uso wa umwungo, mgongo na mbavu za grevilea ya shamba la baba yake, shingo ya libuyu ya mlango wa zamani. Anakuja kulichukua mvua za Mei zikikatika, na nimemwomba aniletee pia kile kisiki kilichobaki, kabla jirani hajakichoma mkaa.